KUTIA CHUMVI: MANENO MATATU YA KIINGEREZA



Katika somo la Kiingereza tumekutana na maneno matatu ambayo wengi wetu tulifikiri ni kitu kimoja: « exaggeration », « hyperbole » na « overstatement ». Sisi kwetu tunasema tu: « Huyu anatia chumvi », na maneno imekwisha. Lakini tukiangalia sawasawa, kila moja iko na kazi yake.

« Exaggeration » imetoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kurundika, kama vile mtu anarundika udongo mpaka kichuguu kinakuwa kilima. Wenye mtihani wakumbuke: Kiingereza kinaandika g mbili, Kifaransa g moja tu.

« Hyperbole » ni ya Kigiriki: kutupa kitu kupita alama. Waingereza wanaisoma kwa silabi ine, hai-pa-bo-li. Hapa hakuna mtu anayedanganywa. Mama akisema amekuita mara 1000, hakuna mtoto atakayehesabu. Yesu naye aliposema juu ya ngamia na tundu la sindano, wasikilizaji hawakwenda kutafuta sindano. Walishika neno.

« Overstatement » ndiyo inatuogopesha. Ni kusema kupita kile unachoweza kuhakikisha. Umeuliza wenzako watatu, kiisha unatangaza: « Wanafunzi wote wamekataa! » Pengine hukutaka kusema uongo, lakini anayekusikia hana njia ya kujua.

Tulikuwa na mwenzetu mumoja hapa interna. Siku mbili maharagi yalikosa chumvi, basi yeye akatia chumvi katika barua: « Baba, tunakufa na njaa. » Baba akauzisha mbuzi, akaja kwa miguu na unga kichwani, akamukuta kijana wake anapiga mpira. Miezi ikapita, kijana akashikwa na malaria kali, akaandika tena. Safari hii baba alicheka tu, akaweka barua pembeni. Alikuja wakati muuguzi mwenyewe alituma mtu kumwita, na sisi tuliona namna alivyolia karibu na kitanda. Kijana alipona, lakini ile siku hatuisahau.

Wamoja watatuambia: « Maneno bila chumvi hayana utamu. » Ni kweli, lakini hata neno linachoka. Waingereza zamani walisema « awful » kwa kitu kinachotia hofu na heshima. Leo wanaisema hata kwa chai mbaya. « Terrific » ilikuwa ya kutisha, leo ni nzuri sana tu. Wameyatumia kila siku kwa mambo madogo, nguvu yao imekwisha. Barua ya mwenzetu ilichoka vilevile.

Basi, sisi tunaona hivi. Kama anayekusikia anajua ni muchezo, tupa mbali unavyotaka, tutacheka pamoja. Lakini kama kwa neno lako mtu atauzisha mbuzi wake, ao mwalimu atamupa mwenzako azabu, hesabu kwanza: waliokuwa wawili, sema wawili. Usiku ule utakapoita kwa kweli, ni lazima watu waamke.

Chumvi tuiache kwa maharagi.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano