Mteja wa kuachwa, na namna ya kumwacha



Kiangazi kikishika, vumbi jekundu la Bunia linaingia kila mahali. Vioo vya maduka na biro za Boulevard de Libération vikipanguswa asubuhi, jioni vimekuwa vyekundu tena. Kwa wenzetu wengine vumbi hilo ni mkate. Wanapangusa vioo vya watu kwa bidoni ya maji, sabuni kidogo, kitambaa laini na magazeti ya zamani ya kung'arishia. Wengine wanafua nguo katika parseli za watu, na wengine wanafanya kazi zote mbili. Hawana patroni. Kila mmoja anajitafutia wateja wake, na kila mteja ana jina lingine nyumbani: huyu ni minervali, yule ni unga, wa tatu ni kodi ya nyumba.

Ndiyo maana swali hili linarudi mara nyingi katika mikutano yetu: mteja akitusumbua, tumvumilie mpaka lini? Wengine wanajibu kwamba mteja ni mfalme. Wengine wanamrushia ndoo mlangoni, halafu juma linalofuata wanalala na njaa. Sisi tunaona kuna njia ya tatu. Mteja mbaya aachwe, lakini aachwe kwa hesabu, kwa adabu, na tukiwa tumesikilizana sisi wenyewe kwa wenyewe.

Tuanze kwa kutofautisha. Mteja mkali si lazima awe mteja mbaya. Kuna anayepitisha kidole kwenye pembe ya dirisha na kusema, "Mama, hapa bado." Akilipa siku aliyosema, huyo tumshike sana, maana anatufundisha kazi na jina letu linakua kwa mdomo wake. Mteja wa kusumbua ni mwingine. Ni yule anayesema "pita kesho" mara nne. Ni yule tuliyepatana naye juu ya vioo sita, tukifika anatuonyesha na sakafu, na masahani, na viatu vya watoto, kwa bei ileile. Ni yule anayelipa dola iliyopasuka pembeni, akijua vizuri kwamba hakuna mtu sokoni atakayeipokea. Ni yule anayetutukana mbele ya watoto wake. Na kuna wa mwisho, ambaye tutamsema peke yake hapa chini.

Kabla ya kumwacha yeyote, tuchukue kaye na kalamu. Walimu tunapenda hesabu, mtusamehe. Tuseme duka moja linatupa franka 10 000 kila tunapopangusa, mara moja kwa juma. Maji na sabuni vinakula 2 500. Moto ya kwenda na kurudi inakula 3 000. Zinabaki 4 500, na kwa majuma manne ni 18 000. Sasa tuseme mwenye duka halipi siku ya kazi. Kwa mwezi tunarudi mara tatu kumdai tu, na kila safari ni 3 000 za moto. Hizo ni 9 000. Faida yetu imebaki 9 000, nusu ya ile tuliyoandika kichwani. Na hatujahesabu asubuhi tatu tulizokaa mlangoni kwake tukingoja atoke.

Sasa tumtazame mteja wa pili. Anatoa 8 000 tu, lakini anakaa kartie yetu, tunaenda kwa miguu, na analipa papo hapo. Tukitoa 2 500 za maji na sabuni, zinabaki 5 500. Kwa mwezi ni 22 000. Aliyeonekana mdogo anatulisha zaidi ya mara mbili kuliko yule mkubwa wa Boulevard. Bei zenu zinaweza kuwa tofauti na hizi, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo. Mama asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule amwandikie: siku ya kazi, bei tuliyopatana, siku aliyolipa, safari za kudai. Baada ya miezi miwili kaye yenyewe itasema nani aachwe.

Tunasisitiza hesabu kwa sababu deni la mteja haliishii kwa mama. Sisi tunaosimama mbele ya darasa tunaliona likifika shuleni. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa. Mtoto anapotumwa nyumbani kwa sababu ya minervali, mara nyingine pesa zake zipo, ila ziko mfukoni mwa mtu aliyefuliwa nguo mwezi uliopita na anazivaa leo. Nasi walimu tunajua uzito wa pesa inayochelewa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kaye ikishasema, bado tusikimbilie mlango. Hatua ya kwanza ni kuongea mara moja, waziwazi, bila hasira. "Baba, tangu mwezi huu tunapokea nusu kabla ya kazi na nusu tukimaliza. Kama mkononi hakuna, unaweza kutuma kwa M-Pesa au Airtel Money." Wateja wengine wanabadilika hapo. Wengi walikuwa wamezoea tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu. Akileta kazi nyingine, tusinune na tusinyamaze, tutaje bei yake: "Masahani tunayaosha, ni franka kadhaa juu ya zile za vioo." Anayetaka kazi atalipa. Anayetaka bure ataondoa masahani yake.

Hatua ya pili ni kutafuta wa kuziba nafasi kabla ya kuiacha wazi. Anayeshika wateja wawili tu hawezi kumwacha mmoja bila nyumba kutikisika. Anayeshika watano anaweza. Kwa hiyo tusikubali mteja mmoja abebe nusu ya chungu chetu, hata akiwa mzuri, maana siku moja anaweza kuhamishwa, au kufunga duka. Na nyumbani tuongee mapema. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia, mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe kama zamani, lakini pesa ikipungua mwezi mmoja wote wanaokula chungu kimoja wataisikia. Baba asishituke mezani, aonyeshwe kaye. Hesabu ile iliyotushawishi sisi itamshawishi na yeye.

Hatua ya tatu ni kuaga. Tumalize kazi tuliyokwisha kulipwa, tuirudishe ndoo yake, na funguo tuzikabidhi mbele ya mtu mwingine, ili kesho asiseme kimepotea kitu. Maneno yawe mafupi: "Mama, tunashukuru kwa kazi uliyotupa. Kuanzia mwezi ujao hatutaendelea. Inabaki deni la majuma mawili, hili hapa limeandikwa." Tusieleze sana. Ukitoa sababu kumi, atajibu zote kumi, na utajikuta umeshika kitambaa tena. Tukishatoka, tusimchafue jina sokoni wala kanisani. Mji wetu ni mdogo. Jirani yake anayesikia tukimsema ataogopa kwamba kesho tutamsema yeye.

Na kumwacha mteja si kumsamehe deni. Akiwa na shida ya kweli, tukubali alipe kidogo kidogo, lakini iandikwe na atie sahihi. Akikataa, kuna wazee, kuna chefu wa avenue na chefu wa kartie. Tuende na kaye yetu na mwenzetu mmoja, tuongee taratibu. Kaye yenye tarehe ina nguvu kuliko sauti kubwa.

Kuna wateja wasioachika kirahisi: mwenye nyumba tunayopanga, shemeji, mkubwa wa kanisa, mtu mwenye cheo au mwenye silaha. Kwa hao, mlango wa pembeni ni bora kuliko wa mbele. Tunaweza kusema ratiba imejaa, na iwe imejaa kweli. Tunaweza kupandisha bei mpaka yeye mwenyewe aseme hapana. Tunaweza kumtafutia mwanaume kijana anayefanya kazi hiyo. Huo si woga. Ni kutaka kulala salama na kuendelea kusalimiana.

Sasa yule wa mwisho. Ni yule anayetuita siku ambayo mkewe hayupo, anayefunga mlango nyuma yetu, anayesema malipo yapo chumbani. Kwake hakuna onyo la kwanza wala kumaliza mwezi. Tuache ndoo, tuache na pesa, tutoke. Tusimfiche mtu huyo kwa wenzetu, na wasichana wetu wasitumwe kwake hata kuchukua deni. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kingono inahesabu usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai, hata kama hajafikia kushika mwili. Aliyefanyiwa asibebe aibu ambayo si yake. Awaambie wenzake wa kikundi mapema, wamsindikize.

Tumefika mahali pagumu zaidi. Tukimwacha mteja mbaya leo, kesho anamwita mwenzetu, tena kwa bei ya chini. Yule mwenzetu hajui habari ya deni letu. Anapoteza miezi miwili yake, halafu anaitwa wa tatu. Mteja wa namna hii anaishi kwa sababu sisi hatuongei.

Wapo wamama wa mbali waliokutana na jambo hili zamani. Katika mji wa Atlanta, Marekani, mwaka 1881, wafuaji wa nguo walikuwa karibu wote wanawake weusi. Utumwa ulikuwa umekwisha miaka 16 tu nyuma yao. Walifua majumbani kwao, kila mmoja na wateja wake, kama sisi. Mwezi wa saba wamama kama 20 hivi walikutana na kuunda chama. Walisikilizana bei moja: dola 1 kwa pauni 12 za nguo, yaani kilo tano na kitu. Kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaambia wenzao, na kwa majuma matatu wakafika 3 000. Wengine walikamatwa na kutozwa faini. Halmashauri ya mji ikafikiria kuwatoza kila mwaka dola 25 za ruhusa ya kufua. Wamama wakamwandikia meya kwamba wako tayari kulipa, mradi bei ya kufua waiweke wao wenyewe. Waajiri kadhaa walikubali kuongeza malipo, na mji mzima ukaona kwamba bila mikono yao hakuna shati safi. Kila mmoja alikuwa fundi wa kufua tangu zamani. Nguvu ilikuja pale walipokubaliana kutopokea chini ya bei ile.

Hapa Bunia hatuhitaji kufika 3 000. Kikundi cha watu 15 chenye sanduku la AVEC au likelemba kinatosha kuanza. Tukubaliane bei ambayo hakuna kati yetu atashuka chini yake. Na kila mteja mpya tumuulize swali moja, kwa heshima: "Kabla yetu nani alikuwa anakufanyia kazi, na mliachana vizuri?" Kisha tumuulize mwenzetu huyo. Tukisikia kuna deni, tumwambie mteja: "Lipa kwanza la yule mama, halafu tutaanza." Na mwenzetu anayemwacha mteja mbaya, sanduku limkopeshe kidogo mwezi huo, ili njaa isimrudishe kule.

Tusisahau wamama waliokimbia vita, wengi kutoka Djugu, wanaolala kwenye maeneo ya wahamaji au kwa familia zilizowapokea. Wanapokubali bei ya chini, tunasikia wengine wakisema wanaharibu kazi. Mama mwenye watoto wanne na sufuria tupu hawezi kujadiliana bei na mtu. Wateja wabaya wanalijua hilo, ndiyo maana wanawatafuta wao. Dawa yake ni kuwaita wakae nasi, wajue bei, wajue majina ya wasiolipa, na tuwaachie mteja mzuri mmoja mmoja pale tulipo na zaidi ya tunaoweza. Asiye na kikundi ndiye anayekuwa mlango wa nyuma wa mteja mbaya. Tukimwingiza ndani, mlango umefungwa.

Katika mkutano wa juma hili, tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja. Kila mama alete kaye yake, au kumbukumbu yake, na aseme: nani analipa siku yake, nani anachelewa, nani hana haki ya kutuona tena. Yanayosemwa pale yabaki pale. Mtakaporudi nyumbani, kila mmoja awe amejua mteja gani amshike kwa mikono miwili, na yupi atamuaga mwisho wa mwezi.

Kazi njema, wamama. Tusomane juma lijalo.