Kwa Wakwe, Ng'ambo ya Tunduma

Mwezi huu nimeona nijibu barua ya mwenzetu mmoja ambaye shida yake inawahusu wengi. Mumewe ana shangazi aliyeolewa Mpika, Zambia, na ukoo wa huko umetuma salamu kwamba unataka kuwaona wajukuu. Baba hana likizo. Kwa hiyo mama atapanda treni peke yake na watoto watatu, na huyo wa katikati ana ugonjwa wa siko seli. Mpika hawajaambiwa. Anauliza aende au asiende, na akienda, aseme au anyamaze.

Mimi nasema nenda, dada yangu, na useme. Ila tuanze na treni.

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, nayo ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Karakana kubwa ya upande wa Zambia iliwekwa hapo Mpika, na ndiyo maana huku kwetu husikosi mtu mwenye binamu huko. Safari za abiria zimekuwa zikisimama na kuanza tena, kwa hiyo nenda mwenyewe stesheni uulize kama treni inavuka mpaka wiki hizo. Usikubali kuelezwa ratiba na mtu aliyesafiri mwaka juzi. Ikiwa haivuki, shuka Mbeya au Tunduma, uvuke kwa miguu, na upande wa Nakonde utapata basi la kwenda Lusaka linalopita Mpika.

Daraja la kwanza lina vitanda vinne chumbani, la pili sita. Wanawake hulala mbali na wanaume, isipokuwa familia ikikata chumba kizima. Ukimpata mama mwenzako mkajaza vitanda vinne kwa watoto wenu, mtalala kwa amani.

Sasa huyo mtoto. Mambo mawili yanayomwamsha maumivu mtoto wa siko seli ni baridi na upungufu wa maji mwilini, na treni hii inayo yote mawili. Kutoka Mlimba inapanda milima hadi Makambako, halafu karibu na Mbeya inapita mahali penye zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Usiku wa Juni upepo wa huko haumwonei mtu huruma. Mvalishe soksi, kofia na sweta kabla jua halijazama, usingoje aanze kutetemeka. Ukiweza kungoja likizo ya Desemba, baridi itakuwa imepungua, ila mbu watakuwa wamezaliana; neti basi iwe juu kabisa kwenye sanduku, na dawa ya kuzuia malaria anayopewa kliniki asiikose hata siku moja.

Kuhusu maji, nawajua akina mama wenzangu. Tukiwa safarini tunawanyima watoto maji ili wasisumbue kwenda chooni. Kwa mtoto huyu, la hasha! Mwenye kilo 20 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, na yeye umzidishie. Beba maji yaliyochemshwa katika dumu, na umwamshe usiku anywe. Akichafua shuka, shuka hufuliwa.

Foliki asidi, paracetamol, na dawa nyingine yoyote aliyoandikiwa zikae kwenye mkoba wako wa begani, zenye kutosha wiki mbili zaidi ya safari. Omba kliniki barua fupi kwa Kiingereza inayoeleza ugonjwa, dawa na kundi lake la damu, maana mganga wa Mpika hasomi Kiswahili. Siko seli yenyewe anaijua vizuri, kwani Zambia ipo kama kwetu. Homa, kifua kubana, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au mkono na mguu kulegea: hapo hakuna kungoja kupambazuke.

Mpakani kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa, na barua ya baba yenye idhini. Kadi ya homa ya manjano ichukue pia; siku hizi chanjo moja ni ya maisha. Rudisha saa nyuma saa moja. Anayekuuzia kwacha dirishani mtazame vizuri, kwani mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake, na noti za zamani hazinunui hata ndizi.

Nimebakiza lililo gumu. Usipowaambia wakwe, shangazi atamwogesha mtoto kwa maji baridi alfajiri kwa upendo kabisa, kama alivyowaogesha wanawe. Na maumivu ya mifupa yakimshika usiku, wazee watatafuta aliyemroga, au wataleta wembe wamchanje. Wakati huo hata ukieleza hawatakusikia, wataona unajitetea.

Lakini usiseme wewe wa kwanza. Baba mwenyewe apige simu kwa shangazi yake kabla hamjaondoka. Tena aseme yote: mtoto hapati ugonjwa huu mpaka apokee chembe za urithi kutoka kwa baba na kwa mama, na wazazi wenye chembe hizo hukabiliwa na nafasi moja kati ya nne kwa kila mimba. Wanaume wengi hukwepa hapo, mama akabaki peke yake na lawama kwamba ameleta damu mbaya ukooni. Mumeo akikataa kupiga hiyo simu, basi mwambie safari inangoja likizo yake.

Mimi nilifikia nyumba ya namna hiyo huko Mpika mwaka 2017 na wanangu wawili. Nilipiga magoti, nikasema "mwapoleni", nikala ugali wao na dagaa wanaowaita kapenta, na nikaosha vyombo kuanzia siku ya pili. Siku ya nne bibi wa nyumba akaomba nimwachie binti yangu. Sikusema hapana. Nilisema, "Mama, mwenye neno hilo ni baba yake, nitamfikishia." Akaridhika, kwa sababu hilo ndilo jibu la mkwe mwenye adabu.

Wewe pia utaombwa, na huenda akaombwa huyo huyo wa katikati, maana watoto wagonjwa hupendwa. Jibu hivyo hivyo, kisha mumeo aeleze kwamba kliniki yake ni ya kila mwezi na haihamishiki. Tiketi za kurudi kata nne.