Maoni: Simu kuukuu iwe kompyuta ya mtoto

Koltani ya Rubaya hapa Masisi na bati la Bisie kule Walikale huishia ndani ya simu na kompyuta za dunia. Watoto wetu waliokimbia vita, wengi hawajagusa kompyuta hata siku moja. Tunasubiri mfadhili alete mpya. Mimi nasema tusisubiri.

Mwaka 1982 Uingereza ilitoa kompyuta ndogo ya nyumbani, ZX Spectrum, ya kuchomeka kwenye televisheni. Leo kuna programu za bure zinazoiiga yote ndani ya simu. Ukishaiweka, haiombi intaneti. Na si wizi: Amstrad, iliyonunua haki zake mwaka 1986, iliruhusu programu yake ya ndani itumike hivyo.

Ugumu wa kuiga uko kwenye picha. Chipu moja, ULA, ilisoma kumbukumbu na kuchora mstari kwa mstari, mara 50 kwa sekunde. Kioo kilikuwa nukta 256 kwa 192, kikagawanywa vyumba vya nukta 8 kwa 8, na kila chumba rangi mbili tu. Mtu mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, rangi zinagombana. Programu nzuri inaiga hata ugomvi huo, hata muda prosesa inaposubiri ULA imalize kusoma. Kuna watakaosema ni upuuzi kuhifadhi kasoro. Lakini baadhi ya michezo iliandikwa ikitegemea muda huo. Ukikosea kidogo, picha inaharibika.

Kwa mwanafunzi, udogo huo ndio faida. Picha nzima ni baiti 6,912: nukta 6,144 na rangi 768. Anazihesabu kwenye daftari. Akiandika POKE 22528,16 chumba cha kwanza, juu kushoto, kinageuka chekundu. Akibadili namba, rangi inabadilika. Simu ya kisasa inamficha hayo yote.

Kwa hiyo ndugu mafundi wa simu, Masisi-centre hadi Walikale-centre: simu iliyokufa laini au spika lakini kioo kizima, msiifungue kuuza vipuri. Mpeni mwalimu aliye na watoto waliohama, awe kambini au kwenye familia iliyowapokea. Simu moja, watoto watano, kwa zamu. Chaji? Wenye sola ya kusikilizia redio, jioni mwaachie waya mmoja.