Mvua Isiyopimwa Haina Rekodi

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulibomoa tuta lake ukaingia katika mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi. Reli ya Kati ilikatika katika sehemu ya Kilosa na Gulwe, na treni hazikuweza kupita kwa miezi kadhaa. Kama ilivyo desturi kila panapotokea msiba wa namna hii, neno lililosikika zaidi ni kwamba mvua kama ile haijapata kutokea.

Neno hilo lastahili kuchunguzwa, hasa na walimu na wanafunzi wa vijiji kama Chanzuru, si mbali na mji huo wa Kilosa, ambako maisha ya watu hutegemea mvua kwa mahindi na huhofia mvua hiyo hiyo kwa mafuriko. Mzee anaposema kwamba hajapata kuona mvua kama ile, asemalo ni kweli na yafaa lisikilizwe. Lakini kumbukumbu ya mzee haina milimita. Mhandisi anayetaka kujua tuta jipya liwe na kimo gani, au tundu la daraja liwe na upana gani, hawezi kuijenga kazi yake juu ya neno "kubwa sana". Anahitaji tarakimu, tena si tarakimu ya siku moja, bali ya miaka mingi iliyofuatana bila kukatika.

Vitabu vya Jiografia huwavutia wanafunzi kwa habari za nchi za mbali. Mji wa Verkhoyansk huko Siberia ni mfano unaopendwa mno. Mnamo Februari 1892 kipimajoto cha huko kilishuka hadi nyuzi 67.8 za Sentigredi chini ya sifuri. Na tarehe 20 Juni 2020 kilipanda hadi nyuzi 38.0 juu ya sifuri, kipimo ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikithibitisha mwaka 2021. Mahali pamoja, tofauti ni zaidi ya nyuzi 105! Sababu zake zaeleweka. Mji huo uko katikati ya bara kubwa, mbali na bahari ambayo kwa kawaida hupunguza ukali wa joto na wa baridi, kwa kuwa maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole kuliko udongo. Wakati wa baridi jua halionekani kwa siku nyingi, na theluji huakisi hata mwanga mchache uliopo. Wakati wa kiangazi jua haliachi kuangaza kwa majuma kadhaa.

Akilinganisha na kwao, mwanafunzi wa Chanzuru huenda akadhani kwamba nchi yake haina ajabu lolote. Huko Kilosa, karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, na joto la Julai halitofautiani na lile la Desemba ila kwa nyuzi chache. Yeyote atakayetafuta rekodi za Afrika Mashariki katika kipimajoto atakuwa amekosea chombo. Za huku zimo katika kipimamvua. Kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi hii hii, kinashikilia rekodi ya dunia ya mvua ya saa 24: milimita 1,825 zilizonyesha huko Foc-Foc tarehe 7 na 8 Januari 1966. Kwa kuwa milimita moja ya mvua katika eneo la mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji, kila mita ya mraba ya mlima ule ilimwagiwa karibu tani mbili za maji kwa mchana na usiku mmoja.

Hapa nchini, mvua iliyoleta mafuriko Dar es Salaam mwezi Desemba 2011 ilipimwa kuwa milimita 156.4 kwa siku moja, na wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba kiasi kama hicho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1954. Msomaji apime uzito wa maelezo hayo. Hayafanani hata kidogo na neno la "haijapata kutokea". Yamewezekana kwa sababu mwaka 1954, miaka saba kabla ya Uhuru, mtu fulani aliyesahauliwa jina alitoka asubuhi, akamimina maji kutoka katika kopo hadi kwenye gilasi yenye alama, akaandika alichokiona. Na kwa sababu wengine waliomfuata wakafanya hivyo hivyo kwa miaka 57.

Urefu wa mfululizo wa vipimo una maana kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na walimu wa Hisabati wanaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa nusu saa. Tuchukue kwamba hali ya hewa haibadiliki na kwamba kila mwaka unajitegemea. Mwaka wa kwanza wa kupima, mvua kubwa kuliko zote za mwaka huo ni rekodi bila kushindana na yeyote. Mwaka wa pili una nafasi moja kati ya mbili ya kuivunja, mwaka wa tatu nafasi moja kati ya tatu, na mwaka wa kumi nafasi moja kati ya kumi. Ukijumlisha 1, nusu, theluthi, robo na kuendelea, utaona kwamba miaka 10 ya kupima huzaa rekodi kama tatu kwa wastani, miaka 30 rekodi kama nne, na miaka 100 rekodi tano na ushei tu. Kwa hiyo kituo kipya hutangaza rekodi mara kwa mara nazo hazina thamani kubwa. Rekodi inayovunjwa katika kituo cha miaka 80 ni habari nzito. Tena, ikiwa kituo cha zamani kinaanza kuvunja rekodi zake mara nyingi kuliko hesabu hiyo inavyotazamia, hapo ndipo mtu anapokuwa na ushahidi kwamba tabianchi yenyewe inabadilika. Bila mfululizo mrefu, mjadala wa mabadiliko ya tabianchi katika wilaya fulani hubaki kuwa mashindano ya sauti.

Hali kadhalika na ile "mvua ya miaka 50" ambayo wahandisi huitaja. Watu hudhani kwamba ikishanyesha itakaa miaka 50 ndipo irudi. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka ina nafasi moja kati ya 50 ya kunyesha, hata kama ilinyesha mwaka jana. Na katika muda wa miaka 50 nafasi ya kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 64. Lakini ili kukadiria mvua hiyo ni milimita ngapi mahali fulani, ni lazima pawepo vipimo vya miaka mingi vya mahali hapo.

Na "mahali hapo" si neno la kupita juu juu. Mvua ya radi ya Kilosa inaweza kulowesha shamba moja na kuliacha la ng'ambo ya kijito likiwa kavu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga hupima hali ya hewa kwa ajili ya majaribio yake ya mbegu, na hilo ni jambo jema, lakini kituo kimoja hakiwezi kuisemea wilaya nzima. Zaidi ya hayo, maji yanayoijaza Mkondoa hayatoki Kilosa peke yake. Mto Kinyasungwe hukusanya maji ya nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa na kuyaleta mashariki kupitia Gulwe, yakashuka kwenye bonde jembamba kati ya milima hadi Kilosa. Inawezekana kabisa wakulima wa bondeni wakawa wanaona anga jeupe, na mafuriko yakawa tayari yako njiani. Mwaka 2014, mwezi Januari, ilikuwa zamu ya Dumila na Magole, upande wa kaskazini, kwa maji ya mito mingine yanayoshuka kutoka milimani. Ni dhahiri kwamba bonde kama hili lahitaji vipimamvua vingi vilivyotawanyika, si kimoja kizuri.

Zamani vilikuwapo vingi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kazi ya kupima mvua ilifanywa na misheni, stesheni za reli, maboma ya serikali na mashamba makubwa, ambayo yalituma karatasi zao kila mwezi kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki. Mkonge ulipoanguka bei, mashamba mengi yakapoteza makarani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara hiyo nayo ikagawanyika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ya leo ina mitambo ambayo makarani wale hawakuiota, lakini mtambo mpya hauwezi kupima mvua ya mwaka 1985.

Wako watakaosema kwamba setilaiti zimemaliza kazi hiyo. Setilaiti ni msaada mkubwa, ila yafaa kufahamu zinavyofanya. Nyingi haziyaoni matone. Hupima ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha kwa hesabu hukadiria mvua inayoweza kuwa imenyesha chini yake. Mawingu mafupi yanayoshuka mvua kwenye miteremko ya milima huweza kuzidanganya, na mvua kali kupita kiasi mara nyingi hukadiriwa pungufu. Makadirio hayo husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya ardhini. Vipimo vya ardhini vikipungua, setilaiti nazo hukosa mwalimu.

Wengine watadai kwamba wanafunzi watakosea. Watakosea, bila shaka. Hata vituo mashuhuri vimekosea. Kwa miaka 90 dunia iliamini kwamba joto kubwa kuliko yote lilikuwa nyuzi 58 zilizoandikwa huko El Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta rekodi hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpimaji alikuwa mgeni wa kazi, kwamba huenda alikisoma vibaya kipimajoto chake kwa kiasi cha nyuzi 7, na kwamba vipimo vyake havikupatana na vya vituo vya jirani. Lakini kosa hilo liligunduliwaje? Kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa imehifadhiwa, na juu yake ilionekana mahali mwandiko ulipobadilika na tarakimu zilipoanza kuandikwa katika safu zisizo zake. Kosa lililoandikwa laweza kusahihishwa na watu wa miaka 90 baadaye. Siku isiyoandikwa haina dawa.

Basi hoja yenyewe ni hii: kila shule ya sekondari iwe na kipimamvua, na daftari la mvua lihesabiwe kuwa mali ya shule kama vile daftari la mahudhurio, likabidhiwe kwa maandishi mwalimu anapohamishwa. Kwa sasa upimaji wa hali ya hewa hufundishwa kama mada ya mtihani. Kibanda cheupe huchorwa ubaoni, sehemu zake hutajwa, alama hupatikana, na pale kilipo kibanda halisi si ajabu kukikuta kimekuwa kiota cha nyigu. Gharama si kisingizio. Kopo lenye kingo zilizonyooka, lililowekwa wazi mbali na miti na paa, pamoja na rula ya milimita, latosha kwa kuanzia, maadamu maji yapimwe kila siku saa tatu asubuhi kabla hayajakaushwa na jua. Na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Wapimaji wengi wachanga huacha nafasi wazi wakidhani ni mamoja. Kumbe sifuri ni habari, na nafasi wazi ni kutojua. Mkulima wa Chanzuru anayejiuliza kama apande kwa mvua ya kwanza ya Novemba au asubiri, hutaka kujua ni mara ngapi mvua hiyo ilifuatwa na majuma mawili ya sifuri.

Linabaki tatizo moja ambalo ni gumu kuliko kopo na rula. Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba na hufunguliwa Januari, na ni katika majuma hayo hayo mafuriko ya 2009 yalipoikuta Kilosa. Daftari linalokatika kila likizo litakuwa na mvua zote ila zile zilizohitajiwa. Kwa hiyo kabla ya kununua kipimamvua, mkuu wa shule aamue kwanza ni nani atakayekisoma asubuhi ya Krismasi: mlinzi aliyefundishwa, au mwanafunzi anayekaa jirani, kwa zamu iliyobandikwa ukutani pamoja na jina la atakayempokea.