Kijakazi yumo jikoni mwetu



Juma hili tumerudia kusoma Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1978. Wengi tunaikumbuka kuwa ni kisa cha Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964: bwana wa mashamba, jeuri yake, na anguko lake. Tukifunga kitabu twasema, amepata alichostahili. Usomaji huo ni mwepesi mno, nasi tunaukataa.

Anayetusumbua si Fuad. Ni Kijakazi, mtumishi wake mzee, anayetukanwa na kutumikishwa bila huruma, na bado anampenda bwana wake kana kwamba amemzaa. Hata Mapinduzi yanapofika, moyo wake unakawia kutoka katika kasri. Wako Wakristo wanaomsifu: tazameni unyenyekevu, tazameni uvumilivu wa msalaba! Sivyo. Kristo aliinama kuwaosha wanafunzi miguu kwa hiari yake, akijua kwamba ametoka kwa Baba. Kijakazi hajui kuwa yeye ni mtu. Kuuita utumwa huo fadhila ni kumtumikia Fuad kwa maneno ya Injili.

Wala msidhani hayo ni ya Unguja tu. Mabinti wa vijiji vyetu hapa Kiloleli huondoka kwenda kufanya kazi za ndani Bariadi, Mwanza, na mbali zaidi. Wako wanaolala jikoni, wanaokula wa mwisho, wasioiona Misa ya Jumapili, na ambao mshahara wao "unatunzwa" na mama mwenye nyumba hata hesabu ikasahaulika. (Mama huyo huenda ni mwanajumuiya hodari.) Tangu mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayomlilia Mungu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 nayo iliwataja watumishi wa nyumbani. "Anakula bure kwetu" si jibu.

Hatusemi haya ili kuyatakasa mapanga. Maelfu waliuawa Zanzibar mwaka ule, wengi wao Waarabu, na miongoni mwao maskini wasiokuwa na kasri wala shamba. Riwaya hii iko upande wa Mapinduzi. Kilio cha wafu hao yatupasa kukitafuta kwingine. Lakini anayetetemeka kwa kuisoma damu ile, huku binti wa watu anamdai miezi minane, anaogopa nini hasa?

Kabla ya Jumapili ijayo, kila mwenye msichana wa kazi amwite, waketi pamoja, wahesabu.