Je, Asiyeamini Anadaiwa Uthibitisho?



Katika mikutano ya vikundi vyetu kuna swali linalojirudia, na jibu lake pia linajirudia. Kijana anasema mbele ya wenzake kwamba haamini tena kuwa Mungu yupo. Papo hapo mwingine anamkabili: "Kama ni hivyo, thibitisha kwamba hayupo!" Aliyeulizwa ananyamaza, wengine wanapiga makofi, na kiongozi anaendelea na ratiba kana kwamba imani imeshinda. Maoni yangu ni kwamba siku hiyo imani haikushinda chochote. Jibu hilo halimtendei haki asiyeamini, tena halilingani na mafundisho ya Kanisa lenyewe. Naomba mnifuate hatua kwa hatua, kama tufanyavyo darasani.

Tuanze kwa kutofautisha mambo, na mfano tuuchukue katika milima yetu. Mtu wa kwanza anasema: "Chini ya kilima hiki kuna koltani; leteni pesa tuchimbe." Wa pili anajibu: "Ulichonionyesha hakijanitosha, siwezi kukubali." Wa tatu anasema: "Hapa hakuna koltani hata chembe." Wa kwanza na wa tatu wametoa madai, na kila mmoja ana mzigo wa kulitetea dai lake. Wa pili hakutoa dai lolote juu ya kilima. Amesema tu juu ya ushahidi aliopewa. Kumwambia yeye athibitishe kwamba hakuna koltani ni kumtwika mzigo wa mtu mwingine. Na hata yule wa tatu hadaiwi kuchimbua kilima chote mpaka chini. Akionyesha kwamba mawe ya pale si ya aina ibebayo koltani, amesema jambo lenye uzito, ingawa hana hakika kamili.

Ndivyo ilivyo kwa habari ya Mungu. Kuna anayesema, "Sijaona sababu ya kuamini." Kuna anayesema, "Mungu hayupo." Kuna pia anayesema, "Sijui, na pengine haiwezekani kujua"; huyo, tangu Mwingereza Thomas Huxley alipobuni jina lake mwaka 1869, huitwa mwagnostiki. Hao watatu si mtu mmoja, nasi tunawakosea tunapowafunga katika fungu moja. Kwa vyovyote, hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji hakika isiyo na shaka ndipo aruhusiwe kusema alivyo. Sisi sote tunakataa mambo mengi bila hakika ya namna hiyo. Hakuna aliyepekua msitu wote wa Walikale ili apate haki ya kukataa habari ya nyoka mwenye vichwa saba.

Mwanafalsafa Bertrand Russell aliliweka jambo hili kwa mfano uliojulikana sana, katika makala aliyoiandika mwaka 1952. Mtu akidai kwamba kuna birika la chai linalozunguka jua huko angani kati ya Dunia na Mirihi, dogo kiasi kwamba hakuna darubini iwezayo kuliona, hatuna wajibu wa kumwamini kwa sababu tu tumeshindwa kumkanusha. Mzigo uko juu yake. Kwa kiasi hicho Russell alisema kweli, na Mkristu hapaswi kuogopa kukiri hivyo.

Lakini mfano wa birika una upungufu mmoja mkubwa. Birika hilo liwepo au lisiwepo, maisha ya mtu hayabadiliki hata kidogo. Unaweza kuliacha swali lake mpaka kufa kwako bila hasara. Swali la Mungu si la namna hiyo, nasi watu wa Masisi tunaweza kulieleza vizuri kuliko wasomi wengi. Jioni uvumi unafika kijijini kwamba wenye silaha wanakuja. Hakuna mwenye uthibitisho. Mmoja anafunga mzigo na kuondoka, mwingine anasema, "Mimi nangoja mpaka nipate hakika." Je, huyo wa pili hajachagua? Amechagua kubaki. Kungoja kwake ni uamuzi wenye matokeo sawa na uamuzi mwingine wowote. Mfaransa Blaise Pascal aliliona jambo hili katika karne ya 17: kuhusu Mungu, tumekwisha kupanda chombo, na chombo kinakwenda. Anayesema hajaamua, kila asubuhi anaishi kwa namna fulani: anasali au hasali, anasamehe kwa sababu fulani au kwa nyingine, anamzika ndugu yake kwa tumaini au bila tumaini.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuamini kwa hofu, kama mtu akimbiaye risasi. Imani inayotokana na hofu tupu hudumu kadiri hofu inavyodumu. Nasema tu kwamba asiyeamini hadaiwi hakika, lakini swali lenyewe halimpi ruhusa ya kulisahau. Hadaiwi uthibitisho, anadaiwa uzito wa moyo. Na sisi tunadaiwa uleule.

Sasa tuulize: uthibitisho wa namna gani? Darasani tunathibitisha kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinafanya digrii 180. Anayeelewa hatua zote hawezi kukataa. Mahakamani hali ni tofauti. Hakimu hakuwapo ng'ombe walipoibwa. Anasikiliza mashahidi, anapima alama za njia, analinganisha maneno, kisha anatoa hukumu ambayo mtu mwenye akili anaweza kuitegemea. Nyumbani hali ni tofauti tena. Mtoto hana uthibitisho wa hesabu kwamba mama yake anampenda, hata hivyo si mjinga anapoutegemea upendo huo, maana ameuona katika mambo mengi yanayokubaliana.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 31, inasema wazi kwamba njia za kumjua Mungu huitwa "uthibitisho", lakini si kwa maana ya sayansi za maumbile. Ni hoja zinazokutana na kusadikisha, nazo kwa pamoja hutupatia hakika. Kwa hiyo anayemdai katekista amwonyeshe Mungu kama anavyoonyeshwa chembe za kasiteriti katika karai, anadai kitu ambacho Kanisa halijaahidi. Vilevile, Mkristu anayemdai mwenzake uthibitisho wa hesabu kwamba Mungu hayupo, anatumia kipimo ambacho yeye mwenyewe hawezi kukitimiza. Kipimo tunachompimia jirani ndicho tutakachopimiwa.

Upande mwingine, tusikimbilie kusema kwamba imani haina haja ya sababu. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba Mungu aweza kujulikana kwa hakika, kwa mwanga wa akili ya binadamu, kutokana na vitu vilivyoumbwa. Lakini kusema kwamba jambo laweza kujulikana si kusema kwamba kila mtu, katika kila hali, hulifikia kwa urahisi. Papa Pius XII, mwaka 1950, alikumbusha kwamba akili hukutana na vizuizi vingi katika njia hiyo. Mtakatifu Petro naye anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye sababu ya tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Agizo hilo linatuhusu sisi. Petro hakusema tumgeuzie swali aliyeuliza.

Tazameni jinsi Mtakatifu Thoma wa Akwino alivyofanya katika karne ya 13. Alipofika kwenye swali kama Mungu yupo, kabla ya kuzitaja njia zake tano aliandika kwanza hoja mbili za kukanusha, na alizieleza kwa nguvu zake zote. Ya kwanza ilikuwa hoja ya uovu: ikiwa Mungu ni wema usio na mwisho, mbona uovu upo? Ya pili ilisema kwamba maumbile na utashi wa binadamu vyatosha kueleza yote. Thoma hakumwambia mpinzani anyamaze. Alimpa nafasi ya kwanza ya kusema.

Hapa tunafika kwetu. Katika Masisi na Walikale, kutoamini mara chache hutoka vitabuni. Kizazi changu kilikuwa bado kichanga Machi 1993, mauaji yalipoanza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakasambaa Masisi. Ikafuata vita ya 1996, na nyingine, na nyingine tena. Mwaka 2024 Rubaya ikabadili mikono. Januari 2025 vita vikapita Sake mpaka Goma, na mwezi Machi vikafika mjini Walikale. Kijana wa miaka ishirini kati yenu hajaijua amani isipokuwa kwa vipindi. Akisema, "Nilisali, na kaka yangu akauawa; sioni kama kuna anayesikia," huyo hatoi hoja ya shuleni. Analia. Kumdai uthibitisho ni kumpiga mtu aliyekwisha kujeruhiwa.

Mtaguso wa pili wa Vatikano ulijua hayo. Katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ya mwaka 1965, mababa wa mtaguso walitambua kwamba ukanamungu una sababu nyingi, na mojawapo ni upinzani mkali dhidi ya uovu ulioko duniani. Wakaongeza neno zito: waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu kubwa katika kuzaliwa kwa ukanamungu, wanapoficha uso wa kweli wa Mungu kwa mafundisho mabaya au kwa maisha yao. Tujiulize basi. Ni vijana wangapi wanaomkataa Mungu ambaye hata sisi tunapaswa kumkataa: Mungu anayebariki bunduki ya kabila moja dhidi ya jingine, Mungu anayeuza miujiza kwa bei ya sadaka, Mungu anayetumiwa kuwafunga mdomo walioibiwa mashamba yao? Kabla ya kumuuliza mwenzako uthibitisho, muulize: "Ni Mungu gani huyo usiyemwamini?"

Kitabu cha Yobu kinatufundisha hapa. Rafiki zake walikuwa na majibu mengi ya kumtetea Mungu. Yobu alikuwa na malalamiko. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale rafiki, kwa kuwa hawakunena ukweli juu yake kama Yobu alivyonena. Malalamiko ya kweli yalimpendeza kuliko utetezi wa uongo.

Mtaniuliza: je, hatuna la kumwambia asiyeamini? Tunalo. Anayekasirika mbele ya uovu anaonyesha kwamba anajua uovu haukupaswa kuwapo, kwamba mtoto wa kambini ana thamani ambayo hakuna jeshi lililompa. Hisia hiyo inatoka wapi? Sisemi huu ni uthibitisho uliofunga mjadala. Nasema ni uzi mmoja kati ya nyuzi zinazokutana. Uzi mwingine ni maisha ya watu kama Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa idara ya ukaguzi wa bidhaa, aliyeuawa Goma mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite kwa watu. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Asiyeamini naye anaweza kukataa rushwa. Tusimnyime heshima hiyo. Lakini anayetaka kujua imani ni nini na inafanya nini ndani ya mtu, amtazame pia Floribert kabla ya kutoa hukumu.

Kunyamazisha hakujawahi kuleta imani. Nchini Kenya, chama cha wakanamungu kilisajiliwa mwaka 2016, kisha miezi michache baadaye usajili wake ukasimamishwa. Mhuri wa serikali haukuwa umemwondoa Mungu, na kuondolewa kwa mhuri hakukumrudisha. Mwaka 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu akisema amempata Yezu Kristu. Naye Antony Flew, mwanafalsafa Mwingereza aliyefundisha katika miaka ya 1970 kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya waamini, alitangaza mwaka 2004 kwamba amekubali kuwa kuna Mungu, ingawa hakuwa Mkristu. Wengine wametembea njia hiyo kwa upande wa pili, wakaiacha imani. Mtu mmoja kubadili mawazo si hoja ya kushangilia. Tunachojifunza ni kwamba anayetafuta bado yuko njiani, na hatujui atafika wapi.

Kwa hiyo nawashauri hivi, viongozi wa vikundi, wa kwaya na wa Xaveri. Kijana akisema haamini, msimtoe kikundini. Ni kweli kwamba hawezi kufundisha katekesi wala kukiri kwa midomo asichokiri moyoni. Unyofu wake wenyewe unadai hivyo. Lakini anaweza kusikiliza, kuuliza, kucheza mpira, kubeba maji kwa wakimbizi pamoja nanyi. Mwombeni mambo mawili tu: apime hoja zetu kwa mizani anayotumia katika mambo yake mengine mazito, na asiufunge mlango. Nanyi mfanye vivyo hivyo. Pale msipojua, semeni, "Sijui." Neno hilo halijawahi kuiangusha imani ya mtu yeyote; majibu ya uongo yameiangusha mara nyingi.

Na wewe kijana ambaye huamini, au huna hakika kama unaamini: huna deni la uthibitisho kwetu. Baba wa yule mtoto mgonjwa katika Injili ya Marko alikuja kwa Yezu akiwa na imani na kutoamini kwa pamoja, akayasema yote mawili bila kuficha. Hakufukuzwa, na mtoto wake alipona. Njoo mkutanoni Jumapili, na swali lako ulilete lilivyo.