Timu Yangu Inashinda, Mume Wangu Kanyamaza

Mwezi huu nivumilie, nitaongea mpira. Tena si huu wetu wa Kariakoo, ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao ukiuangalia mara ya kwanza unadhani watu wanagombania mzigo bandarini. Lakini usifunue ukurasa mwingine. Humu ndani kuna jambo la ndoa, tena zito, nitalifikia.

Timu yangu ni ya Chuo Kikuu cha Indiana, pale Bloomington. Nilisoma pale miaka miwili. Jumamosi moja wanadarasa wenzangu wakanichukua twende uwanjani. Tukafika kwenye maegesho ya magari, watu kibao, nyama zinachomwa, muziki juu, kila mtu kavaa nyekundu. Mechi ikaanza, nikashangaa nusu ya watu hawana habari ya kuingia. Nikauliza, jamani, mbona hamwingii? Jamaa mmoja akanijibu huku anageuza soseji: "Ndani tunafungwa. Huku nje hatufungwi."

Ndiyo timu niliyoipenda hiyo. Bloomington wanasifika kwa kikapu. Kwa mpira wa miguu, hadi wakati ule ubingwa wa ligi yao ya Big Ten walikuwa wameuchukua mwaka 1945 na 1967 tu, na walikuwa wameshapoteza mechi zaidi ya 700, kuliko timu nyingine yoyote ya daraja la juu la vyuo. Msimu wa 2023 walishinda mechi 3, wakapoteza 9. Mume wangu, Yanga damu, alikuwa ananiambia, "Mama watoto, wewe una moyo. Hiyo si timu, hiyo ni kafara."

Halafu ukaja msimu wa 2024.

TATHMINI YANGU

Mechi za kawaida za msimu ni 12. Mwaka ule timu ilicheza 6, ikapumzika wiki ya tarehe 12 Oktoba, ikabakiwa na 6. Yaani katikati kabisa. Wiki ile ya mapumziko nikakaa mezani na karatasi, chai pembeni, nikaandika tathmini yangu kama mwalimu wa darasa anavyoandika ripoti.

Ushambuliaji: mechi 6, ushindi 6. Walianza 31-7, wakaja 77-3, wakaenda California kuwapiga UCLA 42-13 (hiyo niliiangalia kwenye kompyuta saa nane na nusu usiku, nimejifunika khanga nisiwaamshe watu), kisha 52-14, 42-28 na 41-24. Jumla pointi 285, wastani wa 47 na nusu kila mechi. Kwa timu iliyozoea kuonewa huruma, hayo ni maajabu.

Kama hujui mchezo, kwa kifupi ni hivi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikiweza, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa mwenzio. Anayeamua mpira uende wapi ni kwotabeki. Wetu alikuwa Kurtis Rourke, kijana wa Kanada, aliyekuja msimu ule akitokea chuo kingine, Ohio. Mtulivu, hapayuki, hana mbwembwe. Nikampa A.

Ulinzi: pointi 89 tu walizofungwa kwenye mechi 6. Nikawapa A, na alama ya kujumlisha mbele.

Kocha: huyu ndiye mwenye hadithi. Curt Cignetti aliajiriwa mwisho wa Novemba 2023 akiwa na miaka 62, umri ambao kwetu watu wanaanza kukuuliza habari za shamba. Waandishi walipotaka kujua atawashawishi vipi wachezaji waje kwenye timu ya kufungwa, akawajibu wamtafute kwenye Google, yeye hushinda. Jeuri hiyo! Lakini maneno yake aliyasindikiza na kazi. Siku hizi vyuo vina kitu kama dirisha la usajili, mchezaji anaweza kuhama. Cignetti akaja na vijana 13 kutoka James Madison, chuo alichotoka. Wengine walikuwa nguzo: Aiden Fisher, Mikail Kamara na D'Angelo Ponds kwenye ulinzi, Elijah Sarratt mbele. Walikuwa wanajuana tayari, hawakuhitaji miezi ya kusomana tabia. Nikampa A.

Mashaka: hapa ndipo nilipojiona mjanja. Nikaandika, "Bado hawajapimwa." Wapinzani wale 6 hawakuwa vigogo. Na kwenye mechi zote 6 timu haikuwa nyuma hata dakika moja. Watu walisifia, mimi nikaguna. Shosti, wewe unajua. Ukimsikia mtu anajisifu, "Mimi na mchumba wangu hatujawahi kugombana," unajiuliza, basi siku mkigombana itakuwaje? Timu ambayo haijawahi kuwa nyuma, huwezi kujua ikiwa nyuma itafanya nini.

Nilikunja karatasi nikaenda kumsomea mume wangu. Alikuwa barazani anaangalia simu iliyozima. Akasikiliza yote. Akasema, "Umeandika vizuri, mama." Basi. Hakunitania hata kidogo. Mimi nikafurahi nimesifiwa.

JUMAMOSI YA USHINDI MARA MBILI

Tarehe 19 Oktoba 2024 sitaisahau. Jioni ile Yanga iliifunga Simba 1-0. Saa moja usiku kwa saa zetu, Indiana ikaingia uwanjani dhidi ya Nebraska, na ikashinda 56-7. Siku moja, nyumba moja, ushindi mara mbili. Nilipika pilau kama Idi.

Sasa sikiliza. Kaka zangu wote ni Simba. Mume wangu Yanga ikishinda, simu ndiyo silaha yake. Huwapigia mashemeji mmoja mmoja, anawauliza wamekula nini, wana homa? Siku ile hakumpigia mtu. Alitabasamu, akasema tumbo linamsumbua, akaingia kulala. Na mimi? Nilikuwa nahangaika na kidole gumba cha Rourke. Aliumia mkono wa kurushia kwenye mechi ile na kipindi cha pili hakurudi. Nilitafuta habari za kidole kile mpaka saa sita usiku. Kidole cha mtoto wa watu, Kanada huko! Mwenye tumbo yuko chumbani.

Mechi iliyofuata Rourke hakucheza, akaingia Tayven Jackson, wakaifunga Washington 31-17. Tarehe 2 Novemba, kwa Michigan State, kipimo nilichokuwa nakisubiri kikaja. Wakawa nyuma 0-10, mara ya kwanza msimu mzima. Nikashika kichwa. Wakajibu pointi 47 mfululizo, mwisho 47-10. Karatasi yangu ikaanza kuonekana kama ya nabii. Michigan wakachapwa 20-15. Ohio State wakatuchapa sisi 38-15, nikasema sawa, mkubwa ni mkubwa. Purdue, mahasimu wetu, wakala 66-0. Tukaingia mtoano wa timu 12, tukatolewa na Notre Dame 27-17 siku ya tarehe 20 Desemba. Ushindi 11, kupoteza 2. Ilikuwa haijawahi kutokea pale.

GOTI

Mapema mwaka 2025 ikatoka habari. Rourke alikuwa amecheza msimu mzima akiwa na goti lililochanika kano. Tangu kabla ya mechi ya kwanza. Zile 77, zile 42 za California, zile zote nilizompa A, alikuwa anazicheza na goti bovu, sasa anakwenda kupasuliwa.

Nikamsimulia mume wangu wakati tunakula. Nilikuwa naongea kishabiki tu: "Hebu fikiria! Mtu goti limechanika, anacheza miezi yote hiyo, na sisi tunampigia makofi tukidhani mzima!"

Akaweka kijiko chini. Kimya. Halafu akasema, "Mama, mimi sina kazi tangu mwisho wa Septemba."

Mpenzi msomaji, nilihisi meza inazunguka. Mkataba wake haukuhuishwa. Kila asubuhi alikuwa anavaa shati, anafunga tai, anaaga watoto, anakwenda kukaa ofisini kwa rafiki yake kutafuta vibarua. Ada ya muhula ule aliilipa kwa akiba aliyoiweka ya kiwanja. Pilau la ushindi mara mbili, mchele wake aliununua kwa pesa ya kukopa.

Nisikudanganye, sikumkumbatia. Nilikasirika mpaka nikahamia chumba cha watoto siku mbili. Kazi kupotea ni jambo la dunia, sikukasirikia hilo. Nilikasirikia miezi mitatu. Nilimuuliza, "Mimi ni nani kwako, mtazamaji?" Akanijibu jambo lililonikata maini: "Kila Jumamosi ulikuwa na furaha. Nikasema ngoja msimu uishe."

Siku ya pili, usiku, nimelala na miguu ya mtoto usoni, nikaikumbuka karatasi yangu. Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye timu ya watu walio mbali bahari mbili. Nyumbani nilikuwa nahesabu pointi tu: ada imelipwa, umeme upo, mume anarudi mapema, halewi. A, A, A. Dalili zote zilikuwepo. Simu iliyozima, tumbo la kila Jumamosi, Yanga inashinda na mtu hatambi! Shabiki yeyote wa Yanga angejua hapo kuna mgonjwa.

Simlaumu Rourke. Mimi kwake ni shabiki, na shabiki hadaiwi habari za goti. Lakini mke si shabiki, na mume si mchezaji. Ukiona mwenzio anakuchezea mechi ili wewe ufurahi jukwaani, ujue mahali fulani mmeacha kuwa timu moja. Kosa lilikuwa lake kuficha, na langu kutouliza. Hayo tuliyasema yote mawili kwa sauti, ndipo nikarudi chumbani.

KAMA UNATAKA KUJARIBU

Tangu hapo tuna tathmini yetu, na wasomaji kadhaa niliowasimulia wameniomba niiandike. Haina ufundi.

Chagueni wiki ya mapumziko. Timu haijipimi katikati ya mechi. Msikae kuulizana siku ya ugomvi, wala siku ya sherehe. Tafuteni jioni ya kawaida, watoto wamelala, simu ziko mbali.

Ulizeni goti, msiulize pointi. "Kazini vipi?" jibu lake ni "salama". Sisi tunaulizana hivi: "Kuna kitu kinakuuma ambacho bado unachezea?" Mara ya kwanza mtacheka. Mara ya pili atajibu.

Akisema, usimwadhibu siku ile ile. Hasira unayo haki nayo, mimi nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini ukimfokea mtu dakika anayofunua kidonda, unamfundisha kufunga bandeji vizuri zaidi mara nyingine.

Na wewe pia una goti. Zamu yangu ilipofika nilikaa kimya muda mrefu kuliko yeye.

Mume wangu alipata kazi nyingine miezi kadhaa baadaye, mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Kiwanja bado hatujakirudia. Siwezi kukwambia kila kitu kimekuwa asali. Wapo siku ambazo namwona anafunga tai, nami najikuta namwangalia mara mbili. Naye anajua. Ananigeukia, anasema, "Goti zima, mama."

Timu yangu nayo? Msimu wa 2025 haikupoteza mechi hata moja. Mechi 16, ushindi 16, na fainali ya taifa ya Januari 2026 wakaifunga Miami 27-21. Timu ya kafara, mabingwa! Ilichezwa usiku wa manane kwetu, kuamkia Jumanne ya kazi. Safari hii sikujifunika khanga. Tuliangalia wawili, yeye anauliza kwa mara ya mia ni kwa nini wanasimama simama, mimi naeleza majaribio manne. Mpira ulipokwisha, aliyechukua simu ni yeye. Asubuhi ile ile, anawapigia kaka zangu kuwauliza kama Simba inajua kucheza mpira wa namna hii.

Nikajua mtu wangu mzima. Tukutane mwezi ujao.